Watu wa Kupima Kihamba

Mkuu, Rombo
12 Mei 2024

Shangazi Kornelia,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila miguu si yangu tena. Huku mvua haijakata na njia za vihambani, katikati ya migomba na kahawa, ni utelezi mtupu. Jana nilikaa chini katikati ya njia bila kukaribishwa na mtu. Wewe je, mgongo? Ng'ombe amezaa? Baba nilipita kumwona Soweto, pale Moshi mjini, kabla sijapanda huku. Hajambo, isipokuwa ile nyonga. Hakuwa na maneno mengi.

Tangu masikio yako yalegee, kukupigia simu ni kuwatangazia majirani mambo yetu. Tuandikiane. Magreth wa hapo chini kwako, anayeleta mitumba soko la Mkuu, amekubali kuwa posta yetu, mradi tusimharakishe.

Uliuliza kazi yangu hasa ni ipi. Ni utafiti wa kilimo. Serikali inataka kujua nchi inavuna nini, ardhi inatumikaje, na mazao yanauzwa wapi. Sisi wadadisi tunagawiwa vijiji, tunaingia kwenye kaya zilizoteuliwa, tunauliza na tunapima. Nazunguka mpaka wa shamba na kifaa mkononi, kinapata ukubwa, naingiza kwenye kishikwambi. Hapo ndipo taabu inapoanza, maana kishikwambi kinauliza: zao gani? Nami nimesimama chini ya mgomba, mguu mmoja kwenye magimbi, kahawa inanikwaruza shavu, juu yangu kuna mparachichi, na kiazi kikuu kimeupanda huo mparachichi mpaka juu. Kinataka nigawe kila kitu kwa asilimia. Nagawa tu, Mungu anisamehe.

Swali linalonichosha zaidi ni jingine. Nani hufanya maamuzi ya shamba hili? Nyumba kwa nyumba nakuta bibi mmoja. Amepalilia yeye, amekata majani ya ng'ombe yeye, kahawa amechuma yeye. Nikimuuliza nani huamua, anatazama ukuta, halafu ananitajia kijana wake aliyeko Dar. Namweleza kwamba mwongozo wetu unamtaka yule anayeamua kila siku lipandwe nini na livunwe lini. Anatazama ukuta tena, na jina ni lile lile la Dar.

Sijui kama kijiji chetu cha Uru kimeteuliwa. Wakija watu wa kupima, tafadhali usiwafungie mlango kama wanavyonifanyia huku. Si watu wa kodi, na hawachukui ardhi ya mtu. Waonyeshe mipaka yote, uwajibu kwa uhuru. Nakusihi kwa sababu najua ilivyo kusimama getini kwenye mvua huku unabwekewa na mbwa.

Mtoto wako,
Violet


Uru
9 Juni 2024

Violet mwanangu,

Milele, amina. Marahaba. Ng'ombe amezaa dume, ndiyo bahati yangu. Mgongo upo, unanikumbusha kila asubuhi kwamba upo. Padre mpya ni mfupi wa mahubiri na watu wanampenda kwa hilo. Baba yako sijamtia machoni tangu Pasaka.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha. Watu wako wamekuja! Wanaume wawili na dada mmoja mwenye kofia, wana gari na mashine inayosimama kwa miguu mitatu. Wewe hukuniambia kama ya kwako ina miguu. Mbwa nilimfunga mimi mwenyewe. Niliwapikia mtori wa ndizi, nikawatolea na mbege, wakanywa vizuri, yule mnene akaongeza.

Nimewatembeza mpaka wote. Kila isale la mpakani nililiwekea mkono nikiwaambia limepandwa na nani. La kule mferejini alilipanda babu yako, na yale ya upande wa kwa Yoramu yalipandwa siku wazee walipomaliza ule ugomvi wa maji. Nikawaonyesha na makaburi, la babu na la bibi, na ile nafasi pembeni yao ninayoipalilia kwa ajili yangu. Niliwaambia, mimi niliporudi kutoka kwa yule mume wa Kibosho na sanduku langu moja, baba yangu alisema kaa hapa, na nimekaa hadi leo. Najua kihamba ni cha baba yako Primus, maana ndiye kitinda mimba, na ndivyo ilivyo kwetu. Lakini jembe ni langu. Yule dada aliniitikia kwa adabu sana.

Wakachimbia vigingi vya zege kwenye kona, vimeandikwa namba. Nikajisemea, kumbe serikali imetukumbuka, na mtoto wetu yumo humo humo.

Jambo moja tu lilinishangaza. Nilijiandaa kwa lile swali lako la nani huamua. Nililifanyia mazoezi nikikamua. Hawakuliuliza, na kahawa pia hawakuiuliza. Labda wamekuachia wewe.

Kula vizuri. Rombo kuna baridi na wewe kifua chako ni cha kurithi.

Shangazi yako,
Kornelia


Mkuu, Rombo
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Magreth alikuja na kuondoka nisijue, na siku nyingine alikuja, mimi nikiwa kijiji cha mbali.

Kazi inasonga. Mbwa mmoja wa huku amenichania sketi ile ya bluu uliyonishonea, nimeitia kiraka. Mzee mmoja alikataa kupimiwa shamba mpaka kwanza nimsaidie kupandisha debe la maji, nikampandishia, halafu akasema shamba si lake. Nilicheka mpaka nikakaa. Kahawa huku wameing'oa wengi, wanaweka parachichi na majani ya ng'ombe. Nikiandika hivyo kwenye kishikwambi inaonekana ni jambo dogo. Nikisimama pale kwenye visiki naona kazi ya watu, naondoka nimechoka kuliko nilivyofika.

Hongera kwa ndama, hata kama ni dume.

Kuhusu hao wageni wako, nimesoma. Hivyo vigingi viache kwanza kama vilivyo. Kuna mtu nitamuuliza. Wasipokusumbua nawe usisumbuke.

Ni mimi,
Violet


Uru
4 Agosti 2024

Violet,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu yangu ni hiyo, nyingine sina.

Jumanne amekuja bwana mmoja na mke wake, kwa gari refu. Ana kampuni ya kupandisha wazungu mlimani, anataka nyumba ya wageni yenye mahali pa kuona kilele. Hakubisha hodi. Alitembea kihambani kwangu anapima kwa hatua, hapa magari, hapa jiko. Mkewe akauliza ndizi hizi zitakatwa lini. Nilidhani wamepotea njia, nikawapa viti. Ndipo yule bwana akasimama juu ya kichwa cha babu yako, akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama makaburi yanahamishika.

Nikamuuliza nani amekutuma. Akasema Mzee Primus, na kwamba vipimo vimeshatoka, na kwamba wapimaji walimwambia kuna bibi mmoja mkarimu aliyewaonyesha kila kitu.

Bibi mkarimu ndiye mimi. Niliwafungia mbwa, nikawalisha mtori. Niliwaonyesha kila isale kwa mkono wangu, ili mdogo wangu auze vizuri bila kubakiza hata pembe moja. Usiku huo sikula, nilikaa tu nikiona aibu mbele ya wazee waliolala pale nje.

Na wewe ulijua. Uliposoma kwamba wamechimbia zege ulijua, kwa sababu watu wako hawachimbii zege. Ukaniandikia habari za mbwa na sketi.

Mimi si mtu wa kelele. Ninataka kufia humu na kulazwa pale ninapopapalilia. Sijawahi kuomba kingine katika ukoo huu, na hicho sikukiomba, nilipewa na baba yangu. Niambie unalolijua.

Kornelia


Mkuu, Rombo
25 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina la kujitetea. Nilijua. Niliisoma barua yako ya Juni nimesimama sokoni, Magreth akaniuliza kama kuna msiba. Niliona haya kwamba ni maneno yangu yaliyokufanya uwafungulie, na nilimwogopa baba. Nikaandika habari za mbwa.

Nimeshuka Soweto Jumapili. Nilimkuta barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda. Sikumzungusha. Nikamwambia, "Baba, shangazi anaishi pale."

Akasema, "Ataishi. Nitampangia chumba hapa hapa Soweto, karibu na hospitali. Ana umri gani wa kukata majani ya ng'ombe?"

Nikamwambia hutaki chumba. Akasema hata yeye hakutaka nyonga hii. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Baada ya Kornelia nani atakaa kule? Kaka yako yuko Mwanza, hajapanda Uru miaka. Ndizi zinaangushwa na upepo, kahawa hailipi hata dawa yake. Nitajie jina, Violet. Wewe utakaa?"

Shangazi, nilitazama ukuta. Nimewaona wazee wote wa Rombo wakiutazama, nami nikautazama vile vile.

Hajasaini bado. Yule bwana ameshatanguliza kitu kidogo, na wamepanga kumalizana Oktoba mwanzoni. Baba si mtu mbaya. Amechoka, na anataka jambo moja maishani lipungue. Lakini nimemwambia mimi sikubali, na kaka naye nimempigia, anasema mtakaloamua ni sawa, ndiyo kawaida yake.

Nisamehe. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Violet


Uru
8 Septemba 2024

Violet mwanangu,

Marahaba. Nimekusamehe tangu ile barua ilipofika, ila sikutaka Magreth aone ninalia, nikamwambia arudi juma lijalo. Kifua chako? Hapa tumeanza kuchuma kahawa. Tumeanza maana yake mimi.

Vile vigingi nimeving'oa. Vyote. Kimoja kilinishinda, nikamwita mjukuu wa Yoramu na shoka lenye mpini mrefu, tukakitoa. Najua ni kosa. Yoramu mwenyewe amenionya kuna sheria, naweza kuitwa na serikali ya kijiji. Nimevipanga nje ya zizi, sijavunja hata kimoja. Masale yako pale pale yalipokuwa.

Ndani ya barua hii kuna gazeti, na ndani ya gazeti kuna isale. Nimelikata kule mferejini, kwenye lile la babu yako, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa. Mpelekee baba yako. Mwambie dada yake amemkosea, ameng'oa vitu alivyovilipia, na anaomba msamaha. Liwe mkononi mwake. Usiliweke mezani, na usikubali akuambie liache hapo.

Wewe ni wa mjini lakini hili unalijua. Mtu akishaletewa isale hawezi kusema sisamehi, hata angekuwa ameuliwa mtoto. Primus anajua kuliko wewe. Alikuwa na mimi baba alipompokea muuaji wa ng'ombe wetu kwa jani hilo hilo, akiwa bado ana hasira.

Sijaomba kihamba. Naomba nisamehewe vigingi. Akinisamehe hawezi kuvirudisha, na asipovirudisha, huyo bwana wa wazungu ataonyeshwa mpaka na nani? Mimi siwezi tena. Nimezeeka, nimesahau masale yalipo.

Jambo la mwisho. Baba yako amekuuliza swali zuri na hukumjibu. Nijibu mimi.

Kornelia


Mkuu, Rombo
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Utafiti umeisha kwangu, nimekabidhi kishikwambi, na nimelala siku nzima kama mgonjwa. Nasikia wadadisi wa huko kwenu Moshi Vijijini bado wako kazini.

Nilimpelekea. Alikuwa anaota jua, na alipoona gazeti limefungwa kwa kamba ya mgomba alijua kabla sijafungua. Akaiweka mikono yake kwapani. Baba yangu mzima, mstaafu, kwapani kama mtoto anayekataa kunawishwa. Akasema, "Weka hapo mezani." Nikasema nimekatazwa. Akasema, "Basi kaa na ulishike." Nikakaa nikalishika.

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Watu wa barabarani walitusalimu, tukaitikia. Alinilaumu, akakulaumu, akamlaumu babu kwa kukuachia nyumba ya kihambani bila kumwambia mtu mkataba wake ni upi. Mwishoni akauliza, "Ni la mferejini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pale ndipo alipokuwa ananivusha mgongoni tukienda shule. Mimi naogopa maji, yeye anacheka." Akatoa mkono mmoja, akalipokea, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Maneno yake ni haya, nimeyabeba kama yalivyo. "Mwambie nimesamehe vigingi. Kihamba akae nacho maisha yake, na alazwe pale anapotaka. Yule bwana nitamrudishia chake. Akishaondoka Kornelia, atakayekuwa hai ataamua. Mimi nimechoka, sitaki kuulizwa tena."

Yule bwana amekasirika lakini amerudishiwa. Isale baba ameliweka kwenye glasi ya maji dirishani, anasema linaweza kutoa mizizi.

Nimepata kazi ya muda Dodoma, kuingiza takwimu. Nitaondoka mwisho wa mwezi. Nitakuandikia nikipata anwani.

Nakupenda sana, Shangazi.

Violet


Uru
10 Novemba 2024

Violet mwanangu,

Marahaba, anwani yako kanipa Magreth, na Mungu akutangulie huko Dodoma. Nimewapa wazee mbege pale nje na kuwaambia hawahami. Yule ndama dume ameuzwa. Baba yako alikuja siku ya Watakatifu Wote, kaletwa na gari mpaka getini. Hakuingia mbali kwa ajili ya nyonga. Tulikaa, akala ndizi, hakutaja lolote nami sikutaja. Alipoondoka aliniambia, "Usipande tena mparachichi kule juu, utaanguka." Nimefurahi, ingawa nitapanda.

Na watu wako wamekuja, safari hii ndio wenyewe. Binti mmoja anaitwa Ruth, kiatu kimeachia soli. Nilimsimamisha getini, mbwa sikumfunga mpaka nilipomkagua begi kama hana zege. Alicheka, akadhani ni utani wangu.

Alizunguka na kifaa chake kisicho na miguu, mimi nyuma yake. Akauliza zao gani, nikamwambia andika unachokiona. Akagawa, akagawa, akachanganyikiwa, nikamwambia ndivyo na mwanangu anavyofanya, Mungu atawasamehe wote. Akauliza kahawa nauza wapi na ndizi nauzia nani. Nilijibu kila kitu.

Kisha akauliza nani huamua. Nilitazama ukuta kidogo, siwezi kukudanganya. Halafu nikamwambia andika Kornelia, na uandike kwa herufi kubwa. Akasema kishikwambi hakijali ukubwa wa herufi, lakini akaandika.

Akauliza tena, kuna nani mwingine katika familia anayefanya kazi hapa, au atakayefanya. Hiyo ya mwisho sijui kama ilikuwa ya serikali au ni yeye tu, maana aliniangalia mikono. Nilitaka sana kutaja jina. Niliingia ndani, nikatoa barua yako ya Oktoba, nikaisoma yote tena pale mbele yake kutafuta jibu la swali nililokuuliza Septemba. Mtoto wa watu alingoja kwa subira.

Usinikasirikie, Violet. Serikali inataka kujua ukweli, na wewe ndiye uliyenifundisha nisiwaogope. Nikamwambia aandike hakuna. Akabonyeza, kikapokea.

Shangazi yako,
Kornelia